Shimo lisilojaa: namna ya kuufanya udongo ukamate virusi vya majitaka kabla havijafika kisimani

Mtu akikuambia kwa fahari kwamba shimo lake la choo halijawahi kujaa tangu 2009, muulize kisima chake kiko wapi. Mimi nasimamia ujenzi wa nyumba za kuishi huku Pwani, na sifa hiyo nimeisikia Mbagala, Kigamboni, Bagamoyo na hata Unguja: "Shimo langu linakunywa vizuri." Linakunywa, sawa. Lakini maji hayo yanaishia wapi? Mara nyingi yanaishia kwenye maji yaleyale ambayo jirani anayapandisha kwa pampu kila asubuhi kujaza tangi lake.

Mwongozo huu ni wa mwenye kiwanja cha kawaida, tuseme mita 20 kwa 20, asiye na bomba la majitaka la mji, ambaye kisima chake au cha jirani kiko karibu. Shika jambo moja kabla hatujaanza: kinachomzuia kirusi asifike kisimani ni udongo wenye hewa ulio kati ya sakafu ya shimo lako na usawa wa maji ya ardhini. Ukiuchimba ukautupa, umetupa kinga yako. Hatua zote zinazofuata ni za kuulinda udongo huo.

Jua kwanza unashindana na nani

Karo, lile tangi la chini ya ardhi linalopokea majitaka ya nyumba, lenyewe halitibu virusi. Kazi yake ni kuyatuliza maji siku moja au mbili ili kinyesi kizame chini na mafuta yaelee juu. Baadhi ya virusi huzama pamoja na tope, lakini maji yanayotoka upande wa pili bado yamebeba vingi. Mtoto anayeharisha kwa rotavirusi anaweza kutoa hadi virusi bilioni 100 katika gramu moja tu ya choo. Na norovirusi, ile ya kutapika na kuharisha inayopita nyumba nzima kwa siku mbili, haihitaji hata virusi mia moja kumlaza mtu mzima kitandani.

Halafu kuna suala la ukubwa. Yai la mnyoo wa tumbo ni kubwa kiasi kwamba mchanga wa kawaida hulizuia kama chujio linavyozuia majani ya chai. Bakteria wa kipindupindu ni mdogo zaidi, ila bado ana kimo. Kirusi ni jambo lingine kabisa: ukivipanga virusi vya polio kwenye mstari, utahitaji zaidi ya 30,000 kujaza milimita moja. Uwazi kati ya chembe za mchanga ni mpana kuliko kirusi zaidi ya mara elfu. Kutegemea mchanga uchuje virusi kwa matundu yake ni kama kuvua dagaa kwa jarife.

Udongo humkamata kirusi kwa kumnatisha. Virusi vingi vya tumboni, katika maji ya kawaida, vina chaji hasi kwenye ngozi yake. Oksidi za chuma, zile zinazoupa udongo wetu rangi nyekundu, na za alumini, zina chaji chanya. Vikikutana, vinashikana. Chembe za mfinyanzi nazo husaidia kwa sababu zina uso mwingi sana wa kunatia, na chumvi za kalisi na magnesi zilizomo majini hufanya kama daraja kati ya kirusi na chembe. Mchanga mweupe uliooshwa na bahari hauna hiyo gundi. Mara nyingi ni silika, nayo ina chaji hasi kama kirusi mwenyewe, hivyo vinasukumana.

Ila kunata kunahitaji kugusana, na hapo ndipo hewa inapoingia. Udongo wenye hewa hupitisha maji kama jasho linavyotambaa kwenye ngozi: utando mwembamba unaozunguka kila chembe, polepole, kupitia vijitundu vidogo. Kirusi anagusa kuta njia nzima. Udongo uliojaa maji hadi juu ni barabara kuu. Maji hupita katikati ya matundu makubwa kwa kasi, na virusi hupita nayo bila kugusa kitu.

Kumbuka pia kwamba kirusi aliyenata hajafa. Anakufa kwa muda, wiki kadhaa au hata miezi, na joto la ardhi yetu huharakisha kifo chake. Mvua kubwa ikimwagika juu ya udongo huo kabla hajafa, yale maji laini yasiyo na chumvi hulegeza gundi na virusi huachia. Ndiyo maana masika ni msimu wa kuogopa mara mbili: maji ya ardhini yanapanda kutoka chini, na mvua inaosha kutoka juu.

Hatua ya 1: Chimba shimo la kuchungulia, na ulichimbe Mei

Usichimbe Septemba ukafurahi kuona pakavu. Subiri masika yaelekee ukingoni, maji ya ardhini yakiwa yamepanda, kisha chimba shimo moja la kuingia mtu, kina cha mita 2 hadi 2.5, mahali unapodhani majitaka yatakwenda. Liwekee mfuniko watoto wasitumbukie, liache usiku kucha, asubuhi pima kutoka usawa wa ardhi hadi uso wa maji.

Kiwanja kimoja Kigamboni, mwaka ambao mvua zilikuwa nyingi, nilifika nikakuta fundi ameshachimba mita 2.5 na yuko tayari kuanza kujengea tofali. Chini palikuwa na maji ya kufika magotini. Alikuwa anayachota kwa ndoo, mchanga wa kuta unamomonyoka na kumwagikia miguuni, na mama mwenye nyumba amesimama juu akitazama. Fundi akamwambia, "Mama, hapa umebahatika. Shimo hili halijai mpaka wajukuu." Alisema kwa nia njema kabisa, maana kwake shimo bovu ni lile linalofurika. Maji yalipotulia tukapima: uso wake ulikuwa mita 1.6 kutoka juu. Yaani choo cha nyumba nzima kingemwagika ndani ya maji ya ardhini, bila hata kiganja kimoja cha udongo katikati.

Maji yasipoonekana, zitazame kuta za shimo. Udongo mwekundu au wa kahawia mfululizo maana yake hewa ipo mwaka mzima. Ukianza kuona madoa ya kijivu yaliyochanganyika na ya kutu, usawa huo hujaa maji sehemu ya mwaka hata kama leo ni mkavu. Hesabu kina cha maji kuanzia pale madoa yanapoanza.

Hatua ya 2: Ushike udongo

Chukua udongo wa kujaza kiganja kutoka kina cha sentimita 60 hadi 100. Toa mawe na mizizi, dondoshea maji kidogokidogo huku ukiukanda kama unga wa chapati, mpaka ulainike usishike vidole. Sasa usukume kati ya dole gumba na kidole cha shahada utoke kama utepe. Usipofanya utepe kabisa, unamwagika tu na unakwaruza, ni mchanga. Utepe wa sentimita 2 hadi 4 unaokatika wenyewe, wenye mkwaruzo kidogo, ni tifutifu, na hapo shukuru. Utepe mrefu unaong'aa, wa sentimita 5 na zaidi, ni mfinyanzi: utakamata virusi vizuri sana lakini utakataa maji, na majitaka yatatokeza uani.

Unguja wazee wanaujua udongo huu kwa majina. Kinongo, ule mwekundu, ni rafiki yako. Maweni, pale jiwe linapotokeza na udongo ni wa kufagia, ni habari nyingine, nitaifikia.

Hatua ya 3: Pima unyonyaji

Chimba kishimo cha upana wa sentimita 30, kina chake kifike pale itakapokuwa sakafu ya mtaro wa kusambazia majitaka (nitaueleza Hatua ya 4), kwa kawaida sentimita 60. Kwaruza kuta kwa msumari ili kuondoa ule ulaini ulioachwa na chepeo. Weka kokoto sentimita 5 chini. Jaza maji na uendelee kuyaongeza kwa saa nne, au uyaache usiku kucha, kwa sababu udongo mkavu hukunywa kwa pupa mwanzoni na utakudanganya. Kisha jaza maji yawe sentimita 15 juu ya kokoto, simamisha rula, subiri dakika 30.

Gawanya dakika kwa sentimita zilizoshuka. Yakishuka sentimita 6 kwa dakika 30, ni dakika 5 kwa kila sentimita, na hapo ni pazuri. Ikichukua zaidi ya dakika 24 kushuka sentimita moja, udongo ni mzito mno kwa mitaro ya kawaida. Ikichukua chini ya nusu dakika, ni mwepesi mno, na hilo ndilo ambalo mafundi wengi hulisifia. Maji yanayoshuka hivyo hayana muda wa kuacha kitu njiani. Rudia kwenye vishimo vitatu, usiamini kimoja.

Hatua ya 4: Chimba kifupi, tandaza kipana

Hapa ndipo nawaomba watu wabadilike. Mazoea yetu ni shimo moja la duara, refu, lenye tofali zilizoachiwa matundu. Linaokoa nafasi. Lakini linapeleka majitaka chini kabisa, mahali ambapo hewa ni haba, vijidudu vinavyosaidia kuua virusi ni vichache, na maji ya ardhini yako karibu. Udongo wa juu, mita moja ya kwanza, ndio wenye uhai.

Fanya hesabu hii. Nyumba ya watu 6, kila mmoja lita 80 kwa siku, ni lita 480. Udongo tifutifu wa kichanga upewe kama lita 20 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Unahitaji mita za mraba 24. Mtaro wa upana wa sentimita 60 utahitaji urefu wa mita 40, yaani mitaro minne ya mita 10, ikiachana mita 2. Sasa linganisha na shimo la duara la kipenyo cha mita 1.5: sakafu yake haifiki hata mita za mraba 2. Hata ukiongeza kuta zake za kina cha mita 2, hufikii nusu ya eneo la mitaro. Udongo huo mdogo unabeba mzigo unaozidi uwezo wake, hivyo umelowa saa zote, na ukilowa haukamati.

Chini ya sakafu ya mtaro, mpaka usawa wa maji wa masika, pasipungue sentimita 60 za udongo mzuri. Kanuni nyingi za Marekani hudai kati ya sentimita 60 na 120, na mimi napenda mita moja. Kwa mama wa Kigamboni tulifukia lile shimo, tukachimba mitaro ya kina cha sentimita 60. Kutoka sakafu yake hadi maji ilibaki mita moja kamili. Kiwanja kilekile, maji yaleyale.

Kutoka mtaroni hadi kisimani weka mita 30 ukiweza, na kisima kiwe upande wa juu wa mteremko. Kwenye kiwanja cha mita 20 haiwezekani, najua. Ndiyo maana inabidi uzungumze na majirani kabla ya kuchimba: mitaro yenu ielekee upande mmoja, visima upande mwingine. Mtaa mmoja wenye makubaliano hayo una usalama kuliko nyumba kumi zenye makaro ya gharama.

Mchanga ukiwa mweupe na wa chembe nene, chimba mtaro zaidi kwa sentimita 60, kama maji ya ardhini yanaruhusu, kisha rudishia udongo mwekundu wa kichanga bila kuushindilia, na uweke kokoto juu yake. Umeleta gundi ambayo ardhi yako haina.

Hatua ya 5: Jenga bila kuuziba udongo

Usichimbe udongo ukiwa umelowa. Chepeo huusiriba ukuta kama mwiko wa lipu, na tundu zote zinazibwa. Ukishachimba, pitisha reki kwenye sakafu na kuta. Usiruhusu mtu kukanyagakanyaga sakafu ya mtaro. Afanye kazi akisimama pembeni, au juu ya ubao.

Weka kokoto safi za milimita 20 hadi 40, sentimita 15 chini ya bomba. Bomba la inchi 4 lenye matundu lilale karibu usawa kabisa, pima kwa levo, kwa sababu likiinama maji yote hukimbilia mwisho wa mtaro na kulowesha mahali pamoja. Funika bomba kwa kokoto, juu yake kitambaa cha kuchujia, kisha udongo wa sentimita 30, uliofanywa tuta dogo ili mvua ikimbie pembeni.

Kati ya karo na mitaro jenga chemba ya kugawia yenye vizibo. Ukiwa na nafasi ya seti mbili za mitaro hiyo, moja ifanye kazi, nyingine ipumzike, badilisha kila baada ya miezi sita. Mtaro ukipumzika hewa inarudi, na ule utando mweusi wa utelezi unaojengeka chini ya kokoto unajila. Usiuchukie utando huo ukiwa mwembamba. Ndio unaopunguza kasi ya maji na kuufanya udongo wa chini ubaki na hewa. Siku za mwanzo za mfumo mpya, kabla haujajengeka, virusi hupita kwa urahisi zaidi.

Hatua ya 6: Ukiwa juu ya jiwe, panda juu

Ukanda wa Paje na Jambiani, sehemu kubwa ya Mombasa na vipande vingi vya pwani yetu viko juu ya jiwe la matumbawe. Jiwe hilo lina nyufa na mapango. Ndani ya ufa hakuna kunata wala hewa, ni bomba.

Juni 2007, mgahawa mpya kaskazini-mashariki mwa jimbo la Wisconsin, Marekani, uliwaangusha wateja na wafanyakazi 229 kwa kutapika na kuharisha, na 6 wakalazwa hospitalini. Wataalamu walikuta norovirusi ileile ndani ya kinyesi cha wagonjwa, ndani ya karo na ndani ya kisima. Kisima kilikuwa na kina cha mita 85, kikiwa mita 188 kutoka mitaro ya majitaka, na kulikuwa na mita 35 za ardhi kavu juu ya maji. Kila kitu kilijengwa kwa kufuata kanuni za jimbo. Lakini ardhi ile ni mwamba wa dolomaiti, jamii ya chokaa, wenye nyufa. Walipomimina rangi kwenye mitaro ilitokeza kisimani baada ya siku 15, na iliyomiminwa kwenye karo, ambalo lilikuwa na kiungo kinachovuja, ilifika kwa siku 6. Mita 188! Sasa fikiria nyumba ya wageni yenye shimo lililochongwa ndani ya jiwe, na kisima mita 12 kutoka hapo.

Kwenye jiwe, au pale maji ya ardhini yanapokuwa karibu kuliko mita 1.2 kutoka juu, usichimbe. Jenga tuta. Utaratibu huu ulianza North Dakota miaka ya 1940 na ukaboreshwa Wisconsin miaka ya 1970, kwa ardhi zenye shida kama zetu. Kwaruza uso wa ardhi bila kuuondoa, mwaga mchanga safi wa zege angalau sentimita 60, juu yake weka kokoto na bomba, kisha funika kwa udongo na upande majani. Maji yapandishwe kwa pampu ndogo kwa vipindi, mara kadhaa kwa siku, ili kati ya kipindi na kipindi mchanga upumue. Kama kiwanja chako kina mteremko, karo likae juu na tuta chini, na pampu inaweza isihitajike. Huu ni mfumo wa gharama, sitakuficha. Hoteli inayochimba jiwe ili kuokoa fedha hiyo inawapelekea gharama wanakijiji wanaokunywa kisimani.

Hatua ya 7: Usiuloweshe

Maji ya paa na ya uani yapelekwe mbali na mitaro. Bomba la choo linalovuja usiku kucha huweza kuujaza udongo maji kuliko familia yenyewe, lirekebishe siku hiyohiyo. Usiegeshe gari juu, usimwage zege, usipande mwembe. Fungua karo kila mwaka, tumbukiza mti uliofungwa kitambaa cheupe, uone tope limefika wapi. Likifika theluthi moja ya kina, ita gari la kuvuta. Na usikubali kamwe choo kitapishwe wakati wa mvua. Kinachotoka hapo hakijapita kwenye udongo wowote.

Hatua ya 8: Maji ya kunywa, bado uyachemshe

Udongo mzuri wa mita moja unaweza kuondoa asilimia 99.9 ya virusi. Rudi kwenye ile bilioni 100 ya gramu moja: inayobaki ni milioni 100. Udongo wa njiani na muda huendelea kupunguza, lakini usimwekee mtoto glasi kwa kutegemea hilo.

Chemsha mpaka maji yatokote kwelikweli, kisha yapoe kwenye chombo chenye mfuniko. Klorini nayo huua virusi vya tumboni, mradi maji yawe maangavu. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na usubiri dakika 30. Kichujio cha kauri huzuia bakteria, ila matundu yake ni makubwa kwa kirusi, kwa hiyo ukikitumia ongeza klorini baada yake. Na maabara ikikupa jibu kwamba kisima hakina bakteria wa kinyesi, isome karatasi hiyo kama ilivyo: imepima bakteria. Kirusi huishi ardhini muda mrefu kuliko bakteria na husafiri mbali zaidi. Peleka sampuli nyingine katikati ya masika, siku chache baada ya mvua kubwa, maana sampuli ya Januari haikuambii chochote kuhusu Aprili.